Sura ya Tano: Hatari Zinazopita Katika Njia Zinazoaminiwa

Kila programu ya kompyuta ni maandishi ya watu, na watu hukosea. Kiini cha Linux, kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti pamoja na simu za Android, kina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo. Katika wingi huo haukosekani mstari uliosahau kupima urefu wa data inayoingia, au unaomruhusu mgeni kufanya jambo ambalo ni la msimamizi peke yake. Kosa la namna hiyo huitwa udhaifu. Anayeugundua kwa nia njema humweleza mtengenezaji ili aandike kiraka cha kuuziba. Anayeugundua kwa nia mbaya huugeuza kuwa njia ya kuingilia.

Kwa miaka mingi ulinzi ulihesabiwa kuwa kazi ya kuweka mpaka: wabaya wabaki nje, watumiaji halali waingie. Vitisho vinavyowashughulisha zaidi watafiti siku hizi havivunji mpaka huo. Hupita katika yale ambayo mwenye mfumo ameyaruhusu mwenyewe: sasisho lililotiwa saini na kampuni anayoiamini, mchango wa mtu anayejitolea kutunza programu huria, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, sauti ya mkuu wake wa kazi. Kwa sababu hiyo, kugundua shambulio kumekuwa kazi ya kuona tofauti ndogo ndani ya jambo la kawaida, na kulijibu kumekuwa kazi ya kupashana habari haraka.

Udhaifu uliojulikana na haukuzibwa

Udhaifu unaoogopwa kuliko wote ni ule ambao mtengenezaji hajaujua. Wataalamu huuita udhaifu wa siku sifuri, kwa kuwa mtengenezaji hajapata hata siku moja ya kuandaa kiraka. Hata hivyo hasara nyingi hutokea baada ya kiraka kutolewa, katika muda ambao watumiaji bado hawajakiweka.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu uliokuwa katika SMB, utaratibu ambao kompyuta za Windows huutumia kushirikishana mafaili na printa. Mwezi uliofuata, kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana za udukuzi zilizotoka katika Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA. Mojawapo, EternalBlue, ilitengenezwa kutumia udhaifu huohuo. Tarehe 12 Mei ukaanza kusambaa mnyoo uitwao WannaCry. Uliruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote, ukayafunga mafaili kwa usimbaji fiche, kisha ukadai dola 300 zilipwe kwa bitcoin. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuwarudisha wagonjwa, na miadi ipatayo 19,000 inakadiriwa kufutwa.

Aliyeupunguza kasi mnyoo huo alikuwa kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins. Alipoichunguza programu aliona kwamba kabla ya kushambulia huulizia kwanza anwani ndefu ya intaneti isiyo na mwenyewe. Akaisajili kwa dola zisizofika 11, kama watafiti wanavyofanya mara kwa mara ili kuhesabu kompyuta zilizoambukizwa. Kumbe mnyoo ulikuwa umeandikwa kusitisha kazi ukipata jibu kutoka anwani hiyo. Kuanzia saa hiyo, nakala zilizofanikiwa kuifikia anwani hazikushambulia tena.

Kiraka kilikuwepo karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mashirika mengi yalijenga ukuta mwaka huo. Kuchelewa hakutokani na uzembe peke yake. Mashine ya hospitali inaweza kutegemea programu ya zamani isiyoweza kufanya kazi baada ya mfumo kusasishwa, na msimamizi wa kiwanda huogopa kuzima mtambo kwa ajili ya kiraka. Watafiti wa usalama wameacha kushauri tu kwamba kila kitu kisasishwe. Sasa husaidia kuchagua kipi kianze, kwa kuangalia ni udhaifu upi tayari unatumiwa na wadukuzi.

Sumu ndani ya sasisho

Wiki sita baada ya WannaCry, tarehe 27 Juni 2017, kompyuta za Ukraine zilianza kuzimika kwa maelfu. Programu iliyozishambulia, NotPetya, ilidai fidia kama WannaCry, ila hapakuwa na njia ya kuyarudisha mafaili hata kwa aliyelipa. Lengo lake lilikuwa kuharibu. Ilikuwa imeingizwa katika masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyotumiwa na kampuni nyingi za Ukraine kuwasilisha hesabu za kodi. Waliosasisha walikuwa wametii ushauri mzuri, na utii huo ndio uliowaletea maafa.

Kutoka Ukraine programu hiyo ilivuka hadi katika mitandao ya kampuni za kimataifa. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi hivi. Kwa mujibu wa mwandishi Andy Greenberg, seva karibu zote zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wa Maersk zilifutwa isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio kuifikia. Mfanyakazi wa Ghana aliisafirisha diski ya seva hiyo hadi Nigeria akamkabidhi mwenzake, naye akapanda ndege kwenda Uingereza. Serikali ya Marekani ilikadiria hasara ya NotPetya duniani kote kuwa zaidi ya dola bilioni 10.

Shambulio lililopitia SolarWinds, kampuni ya programu, lilikuwa la kimya zaidi. Kati ya Machi na Juni 2020, masasisho ya programu yake ya Orion, inayotumiwa kusimamia mitandao mikubwa, yalitoka yakiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani yake. Wadukuzi walikuwa wameingia katika mtambo unaounda programu na kuchomeka msimbo wao kabla ya kampuni kutia saini yake ya kidijitali. Saini ilikuwa halali, basi kila kompyuta iliyoihakiki iliikubali. Wateja wapatao 18,000 walipokea sasisho hilo. Programu ilikaa kimya hadi wiki mbili kabla ya kuwasiliana na wadukuzi, ili isihusishwe na sasisho lililoileta. Wadukuzi hawakuwashambulia wote. Serikali ya Marekani ilitaja idara zake tisa na kampuni takriban 100 kuwa ndizo zilizoingiliwa hasa, na baadaye ikalihusisha shambulio hilo na idara ya ujasusi wa nje ya Urusi.

Ugunduzi ulianzia katika FireEye, nayo ilikuwa kampuni ya usalama. Mlinzi wa mfumo aliona kwamba akaunti ya mfanyakazi mmoja imesajiliwa simu ya pili ya kuthibitisha utambulisho. Akampigia mwenyewe kumuuliza, na mfanyakazi akajibu kwamba hajasajili simu yoyote mpya. Uchunguzi ulioanzia hapo uliwafikisha wataalamu hadi kwenye Orion. Desemba 2020 kampuni ilitangaza hadharani kwamba imeibiwa zana zake, na siku chache baadaye ikachapisha alama ambazo wengine wangezitumia kujichunguza. FireEye ingeweza kunyamaza ili kulinda jina lake. Kwa kusema, iliwawezesha maelfu ya wengine kumtafuta mwizi ndani ya nyumba zao.

Nusu sekunde

Kisa cha XZ Utils kinaonyesha jinsi uaminifu unavyoweza kujengwa kwa miaka ili uje kuvunjwa siku moja. XZ ni programu huria ndogo ya kubana data. Imo karibu katika kila toleo la Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo.

Mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyetumia jina la Jia Tan. Alituma marekebisho mazuri, akasaidia, akavumilia. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yalianza kumlalamikia Collin kwamba anachelewa na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Collin alieleza wazi kwamba afya yake ya akili inamsumbua na kwamba kazi hiyo ni ya kujitolea. Shinikizo liliendelea, na Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mwaka 2023 aliuomba mradi wa Google unaopima programu huria uzime kipengele fulani wakati wa kupima XZ. Ombi lilionekana la kawaida. Kipengele hicho ndicho kilichokuja kutumiwa katika shambulio.

Toleo 5.6.0 la Februari 2024 na 5.6.1 la Machi yalibeba mlango wa nyuma. Msimbo wake haukuwekwa mahali ambapo wasomaji wangeuona. Ulifichwa ndani ya mafaili yaliyoonekana kuwa data mbovu ya majaribio. Maagizo ya kuufichua yalikuwa tu katika kifurushi cha toleo, na hayakuwamo katika hifadhi ya wazi ya msimbo. Katika matoleo fulani ya Linux, XZ hupakiwa pamoja na SSH, programu ambayo wasimamizi huitumia kuingia katika seva wakiwa mbali. Mwenye ufunguo wa siri wa mlango huo angeweza kuamuru seva ifanye apendavyo, na mtu mwingine yeyote asingeweza kuutumia wala kuuona kwa kupima kutoka nje.

Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi yake isiyohusiana kabisa na usalama. Akaona kwamba kuingia kwa SSH kunakula nguvu nyingi za kichakataji na kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akakumbuka pia makosa ya ajabu aliyoyaona wiki zilizopita katika chombo kinachopima matumizi ya kumbukumbu. Akaufuata uzi huo mpaka ukamfikisha kwenye XZ. Tarehe 29 Machi alitangaza alichokipata, na matoleo hayo yakaondolewa kwa haraka. Udhaifu ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Wakati huo ulikuwa umefika hasa katika matoleo ya majaribio ya Linux. Haukuwa umeingia katika yale yanayotegemewa na seva nyingi za dunia. Mtu au kundi lililojificha nyuma ya jina la Jia Tan halijatambuliwa hadharani.

Simu ya mkononi

Simu hubeba ujumbe, picha, mahali alipo mwenyewe na, kwa mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki, fedha zake. Agosti 2016 mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea ujumbe uliomwahidi siri za mateso ya wafungwa iwapo angebofya kiungo. Hakubofya. Aliupeleka kwa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Watafiti wa huko, wakishirikiana na kampuni ya Lookout, walikifungua kiungo hicho kwenye simu ya majaribio na kunasa programu ya kijasusi ya Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya NSO ya Israel. Ilitumia udhaifu wa siku sifuri wa aina tatu, mmoja baada ya mwingine. Apple ilitoa kiraka kabla ya mwezi huo kwisha.

Miaka mitano baadaye Pegasus haikuhitaji tena mtu abofye. Mwaka 2021 Citizen Lab ilipata katika simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia mafaili yaliyojifanya picha, yaliyotosha kuiteka simu kwa kupokelewa tu. Desemba mwaka huo iliripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliokuwa Uganda, au walioshughulikia masuala ya Uganda, nazo ziliingiliwa kwa programu hiyo. Maabara ya usalama ya Amnesty International ilitoa bure chombo cha kuchunguza nakala ya simu na kutafuta alama zinazoachwa na Pegasus, kama majina ya michakato isiyo ya mfumo. Apple nayo iliongeza mwaka 2022 hali maalumu ya ulinzi, inayozima huduma zinazotumiwa sana na washambuliaji, kwa ajili ya watu walio katika hatari kubwa.

Wizi wa fedha za simu hauhitaji zana za gharama hiyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huduma za namna hiyo zimeenea Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Namba ya simu imekuwa akaunti, na mara nyingi ndiyo inayopokea msimbo wa kuthibitisha utambulisho katika benki. Tapeli hukusanya jina, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ya mtu, kisha hujifanya mwenye laini na kuomba kadi mpya. Wakati mwingine hushirikiana na mtu wa ndani. Laini ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla, na misimbo huanza kumfikia mwizi. Wapo pia wanaotuma ujumbe wa kutaka ‘ile pesa’ itumwe kwenye namba nyingine, wakitegemea kwamba miongoni mwa wapokeaji yupo ambaye kweli alikuwa karibu kutuma pesa.

Kinga hapa ni ya aina mbili. Upande wa mfumo, benki huweza kuuliza kampuni ya simu kama laini imebadilishwa siku za karibuni kabla ya kuruhusu muamala mkubwa, na programu za uchambuzi huangalia miamala isiyofanana na tabia ya mteja: saa isiyo ya kawaida, simu mpya, pesa inayopita kwa kasi katika akaunti kadhaa na kutolewa kwa wakala. Upande wa mtumiaji, namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja.

Mafuriko ya maombi

Mashambulio mengine hayaibi chochote. Huielekezea seva maombi mengi kuliko inavyoweza kujibu, na wateja halali hukosa huduma. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera za usalama na ruta kwa kujaribu takriban majina na nywila 60 zinazowekwa kiwandani, ambazo wanunuzi hawakuzibadili. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo la vifaa liliizidi nguvu Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza anwani za intaneti, na tovuti nyingi maarufu zikawa hazifikiki.

Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan lilishambulia kwa njia hiyo jukwaa la eCitizen la Kenya, ambalo wananchi hulitumia kuomba pasipoti na vibali. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo. Dhidi ya mafuriko hayo, kinga kubwa ni kuutawanya mzigo katika vituo vingi duniani na kuyachuja maombi mapema. Serikali inayohamishia huduma zote katika jukwaa moja inahitaji kuandaa pia njia ya pili ya kuzitoa jukwaa hilo linaposimama.

Sauti na sura za kughushi

Akili unde imepunguza gharama ya udanganyifu. Barua pepe ya utapeli iliyojaa makosa ya lugha sasa huandikwa kwa ufasaha katika lugha yoyote, na sekunde chache za sauti ya mtu zinatosha kuigiza usemaji wake. Mapema mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza kwamba mfanyakazi wa idara ya fedha, ambaye baadaye ilithibitishwa ni wa kampuni ya uhandisi ya Arup, alihamisha takriban dola milioni 200 za Hong Kong, sawa na dola milioni 25 za Marekani. Alikuwa ameshiriki mkutano wa video uliomwonyesha mkurugenzi wa fedha na wenzake. Wote aliowaona walikuwa wa kughushi.

Watafiti wameunda programu za kutafuta alama za ughushi, kama midomo isiyoafikiana na sauti au mwanga unaopingana usoni. Programu hizo husaidia, lakini waghushi hujifunza haraka. Ulinzi wa kutegemewa zaidi uko katika utaratibu wa kazi: agizo la kuhamisha fedha lithibitishwe kwa kupiga namba iliyojulikana tangu awali, na watu wawili waidhinishe kiasi kikubwa.

Akili unde hutumika pia upande wa ulinzi. Novemba 2024 Google ilitangaza kwamba mfumo wake uitwao Big Sleep umegundua udhaifu katika SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu, nao ukarekebishwa kabla ya kufika katika toleo rasmi.

Mbinu za ugunduzi

Mbinu kongwe ni kulinganisha alama. Faili lililokwisha kujulikana kuwa hasidi huandikiwa utambulisho, na programu ya kuua virusi hulitafuta. Mbinu hii ni ya haraka, lakini haioni kisichowahi kuonekana. Kwa hiyo huongezewa uchunguzi wa tabia: mfumo hujifunza mwenendo wa kawaida wa kompyuta na watumiaji wake, kisha hutoa tahadhari pale programu ya kuandikia barua inapoanza kufungua mafaili elfu kwa dakika, au seva inapowasiliana na anwani isiyowahi kuifikia. Ugumu wake ni tahadhari nyingi za uongo, zinazowachosha walinzi mpaka ile ya kweli ikawapita.

Mbinu ya tatu ni chambo. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mwanafalaki katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, aliagizwa kutafuta chanzo cha senti 75 zilizopishana katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Zilimfikisha kwa mdukuzi aliyekuwa Ujerumani Magharibi na aliyeziuza siri kwa KGB, shirika la ujasusi la Usovieti. Ili kumshikilia muda mrefu hewani na simu yake ifuatiliwe, Stoll aliweka mafaili ya bandia ya mradi wa kijeshi. Leo watafiti husimika maelfu ya kompyuta za chambo katika intaneti. Kwa kuwa hakuna mtu halali mwenye kazi nazo, karibu kila anayezigusa ana nia ya kuchunguza au kushambulia, na mbinu zake hurekodiwa.

Mbinu ya nne ni kuifumua programu. Mtafiti huiendesha ndani ya kompyuta iliyotengwa, akatazama mafaili inayoyagusa na anwani inazoziita, kisha akasoma maagizo yake moja baada ya jingine. Kwa njia hiyo wataalamu wa kampuni ya VirusBlokAda ya Belarus, walioombwa mwaka 2010 kuchunguza kompyuta ya Iran iliyojizima na kujiwasha, walikutana na programu hasidi iitwayo Stuxnet. Wengine walioendelea na kazi hiyo, wakiwemo watafiti wa kampuni ya Symantec na Mjerumani Ralph Langner, walionyesha kwamba ililenga vidhibiti vya Siemens ili kuharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran.

Mbinu ya tano hutafuta udhaifu kabla ya mdukuzi. Mwaka 1988 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliona kelele za laini ya simu wakati wa dhoruba zikiangusha programu za Unix. Yeye na wanafunzi wake wakaanza kuzilisha programu data ya ovyo kwa makusudi, na kati ya robo na theluthi ya walizozijaribu zilianguka au kukwama. Siku hizi kompyuta hufanya jaribio hilo usiku na mchana, mamilioni ya mara, kwa programu huria zinazotegemewa na dunia.

Kujibu na kuzuia

Mtafiti akishagundua udhaifu hukabiliwa na uamuzi mzito. Akiutangaza mara moja, wadukuzi watautumia. Akinyamaza, mtengenezaji anaweza kupuuza. Utaratibu uliokubalika ni kumweleza mtengenezaji kwa siri na kumpa muda, ambao kwa kundi la Project Zero la Google ni siku 90, ndipo maelezo yachapishwe. Tangu 1999 udhaifu unaotangazwa kwa kawaida hupewa namba katika orodha ya CVE, ili mhandisi wa Nairobi na wa Tokyo wajue kwamba wanazungumzia jambo moja.

Mashambulio yanayoendelea hujibiwa kwa kukata mawasiliano. Watafiti na kampuni za anwani huchukua anwani inayotumiwa na wadukuzi na kuielekeza kwenye seva yao. Ndivyo walivyofanya Microsoft, FireEye na GoDaddy dhidi ya mlango wa nyuma wa Orion. Uratibu wa kitaifa hufanywa na vituo vya kushughulikia matukio, vilivyoanza baada ya mnyoo wa Morris wa 1988 kulemaza sehemu ya intaneti ya wakati huo. Tanzania ina TZ-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na Kenya ina KE-CIRT. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, uliopitishwa 2014, ulianza kutumika Juni 2023.

Kwa mashambulio yanayoingia kupitia watengenezaji, kinga inayokua ni uwezo wa kuhakiki. Baadhi ya kampuni hutakiwa kutoa orodha ya vipande vyote vilivyomo katika programu zao. Desemba 2021, udhaifu ulipotangazwa katika Log4j, kipande kidogo cha kuandika kumbukumbu kilichomo katika mifumo isiyohesabika, mashirika mengi, kwa kukosa orodha ya namna hiyo, hayakujua hata kama yanacho. Kinga nyingine ni kuunda programu kwa namna ambayo watu wawili wakiwa na msimbo mmoja, kila mmoja mahali pake, watapata faili lilelile bila tofauti hata ya biti moja. Kilichochomekwa katikati huonekana papo hapo.

Ipo pia hatari inayojengwa leo ili idhuru kesho. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingevunja usimbaji unaolinda benki na mawasiliano ya sasa. Kompyuta ya uwezo huo bado haijatengenezwa, lakini data iliyosimbwa inaweza kunaswa na kuhifadhiwa hadi siku hiyo. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaotarajiwa kuihimili kwanta. Kazi iliyobaki ni kuvihamishia katika simu, benki na serikali, na itachukua miaka.

Mbinu zote hizi huishia mikononi mwa watu. Senti 75, simu ya pili na nusu sekunde ziligeuka kuwa ugunduzi kwa sababu aliyeziona alikuwa na ujuzi, muda na uhuru wa kuuliza. XZ ilitekwa kwa sababu aliyeitunza alikuwa peke yake, amechoka, na halipwi. Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa umma wa kuwalipa watunzaji wa programu huria, na kampuni kadhaa kubwa zimeanza kuchangia mifuko ya namna hiyo. Nchi zinazoendesha fedha, hospitali na vibali vyake juu ya misimbo hiyohiyo zina sababu ileile ya kuwasomesha watafiti wao na kuwatunza wale ambao kazi yao ya kimya inazilinda.